Tumeanza kuwasomesha watoto nyumbani hapa Mwanza: matembezi yanageukaje kuwa somo?

Mama wa Wawili, Nyegezi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi na mume wangu tunaishi Nyegezi, na tangu Januari tumeanza kuwasomesha watoto wetu nyumbani: binti wa miaka 9 aliyemaliza darasa la tatu mwaka jana, na mdogo wake wa kiume mwenye miaka 5. Uamuzi huu haukutokana na ugomvi wowote na shule. Ni kweli kwamba binti alikuwa akipanda gari la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi jioni akiwa hoi, lakini kilichotushtua zaidi ni jambo dogo lililotokea jikoni. Nilikuwa napara sato, naye ameketi pembeni akinisomea kwa fahari karatasi yake ya mtihani wa sayansi. Swali mojawapo lilitaka kujua samaki hupumua kwa kutumia nini, naye alikuwa ameandika "matamvua" na kuwekewa alama ya vema. Nikainua kifuniko cha shavu la yule sato, nikamwonyesha zile nyuzi nyekundu zilizopangana ndani kama meno ya kitana, nikamwuliza hivi ni vitu gani. Akanijibu kwamba huo ni uchafu, huwa unatupwa.

Basi tukaamua kwamba asubuhi watoto wasome vitabu mezani, na siku mbili kwa wiki tutoke nao ili waone kwa macho yale wanayoyasoma. Ndani ya wiki sita tumewapeleka kisiwani Saanane, tumekwenda Bujora kuona makumbusho ya Wasukuma, tumepita kwenye daraja la Kigongo hadi Busisi na kurudi, na tumeketi mara mbili mkabala na Jiwe la Bismarck. Watoto wanafurahi sana. Tatizo ni kwamba tukirudi nyumbani sioni kilichobaki. Nikimwuliza mdogo ameona nini Saanane, ananitajia boti na soda. Dada yake huandika sentensi tatu ambazo angeweza kuziandika bila kutoka nyumbani. Mume wangu ameanza kusema kwa utani kwamba tuko likizoni, na mama mkwe huuliza kila Jumapili watoto watarudi shule lini, wala yeye hatanii.

Naomba msaada wa wale waliotangulia katika njia hii. Mnafanya nini ili matembezi yawe somo, na mnatoka mara ngapi? Na je, suala la mitihani mnalishughulikiaje?

Baba Kiseke

Mama wa Wawili, hongera na pole kwa pamoja. Sisi tuko katika mwaka wa tatu, tuna watoto watatu, na wiki zetu za kwanza zilifanana na zenu kabisa, pamoja na soda.

Kwa maoni yangu kosa liko kwenye wingi wa mahali mlikokwenda. Mtoto akipelekwa mahali papya, siku nzima huishia kwenye kushangaa, na hilo si baya, lakini mtu hawezi kushangaa na kuchunguza kwa wakati mmoja. Ninyi mmewapa mishangao minne mfululizo bila kuwapa nafasi ya kurudi. Sisi tulianza kufanikiwa siku tulipoacha kutafuta mahali papya tukachagua mwalo wa Igombe peke yake, tukaenda huko karibu kila wiki kwa miezi mitatu, kila safari tukiwa na swali moja tu lililoandikwa juu ya ukurasa wa daftari kabla ya kupanda daladala.

Nitaeleza swali lililotuzalia matunda kuliko mengine yote. Safari ya kwanza tulifika alfajiri tukakuta mitumbwi inarudi na dagaa, kina mama wamejipanga na ndoo, na kelele za kupanga bei. Baada ya wiki mbili tukarudi saa ile ile, na mwalo ukawa kimya. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, wanaume wanashona nyavu na wengine wanacheza bao. Mtoto wangu wa pili alidhani kuna msiba. Tukamwuliza mzee mmoja, akacheka na kusema kwamba mwezi ukiwaka taa zao hazina kazi. Hapo ndipo nilipowaambia watoto kwamba wasiniulize mimi zaidi, bali kuanzia usiku ule wachore umbo la mwezi kila siku kabla ya kulala, na pembeni waandike kama mitumbwi ingetoka au isingetoka.

Walichora kwa miezi miwili, isipokuwa usiku wa mawingu ambapo waliacha duara tupu. Kutokana na daftari hilo waligundua wenyewe kwamba mzunguko huchukua siku 29 au 30 (kitabu kinasema 29 na nusu, nao walifurahi kukuta kitabu kinakubaliana nao, si wao kukubaliana na kitabu). Walielewa kwamba dagaa hufuata mwanga, na kwamba karabai ya zamani au taa ya sola ya siku hizi huwakusanya chini ya mtumbwi pale tu ziwa linapokuwa na giza. Wakaelewa hata kwa nini Ramadhani ya majirani zetu huanza mapema zaidi kila mwaka, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuwaeleza vizuri. Haya yote yalitoka kwenye swali la kwa nini leo hakuna dagaa.

Hisabati nayo iko pale pale. Mnajua kwamba sado ni kopo la rangi la lita 4 na debe ni lita 20, kwa hiyo kwa hesabu za mezani sado tano zinajaza debe. Nilimwomba muuzaji mmoja atupimie mbele ya watoto, naye kwa ukarimu akapima kwa kilemba (ule mlima wa nyongeza juu ya kopo) kama kawaida ya sokoni, debe likajaa kabla sado ya tano haijafika nusu. Walibishana njia nzima hadi nyumbani. Mkubwa alitaka kujua kilemba kina ujazo gani, akajaribu kwa mchanga na chupa ya lita moja uani, na kutoka hapo tukaingia kwenye suala la lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) na sababu ya serikali kuipiga vita. Sikuwa nimepanga kufundisha ujazo wiki ile.

Kuhusu Saanane, msiiache. Rudini na kazi moja. Ile ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2 na kidogo pamoja na maji yake, hivyo hata mtoto wa miaka 5 haelemewi nayo. Mdogo ahesabu mijusi dume wanaoota jua juu ya mawe, wale wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu. Dada yake aketi mahali pamoja kwa nusu saa amchore pimbi, hasa miguu, na mkirudi nyumbani ndipo mumwambie kwamba mnyama yule mwenye ukubwa wa sungura ana undugu wa karibu na tembo. Mkimwambia kabla hajamchora mtakuwa mmemharibia.

Sisi hutoka mara moja tu kwa wiki. Siku ya pili ni ya kukaa na kile tulichorudi nacho. Na sentensi tatu zisikusumbue, dada. Mwambie binti asiandike alichokiona, bali aandike jambo moja ambalo hakulielewa.

Mwalimu Mstaafu, Igoma

Mwangaluka, wanajukwaa.

Nimesoma maelezo ya Baba Kiseke kwa furaha, kwa sababu nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi na najua ni mara chache mwalimu mwenye watoto 90 darasani anaweza kufanya alichokifanya yeye. Hata hivyo swali la mwisho la Mama wa Wawili limepitwa, nami naliona ndilo la kwanza.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto aliyefikisha umri wa miaka 7 ameandikishwa shule ya msingi na anahudhuria bila kukosa, na kukaidi ni kosa. Haya siyasemi kwa kuwatisha. Yule wa miaka 5 bado hajafikia umri huo, na mzazi anaweza kumfundisha nyumbani kwa amani. Binti wa miaka 9 ni suala jingine. Ushauri wangu ni kwamba baba na mama mwende pamoja kwa Afisa Elimu Kata, mkiwa na barua ya shule aliyotoka na mpango wenu wa masomo ulioandikwa, kabla mtu mwingine hajakwenda kuwasemea. Kuna tofauti kubwa kati ya mzazi aliyejitokeza na mzazi aliyetafutwa.

Jambo la pili ni kwamba binti yenu mwaka huu angekuwa darasa la nne, na darasa la nne lina upimaji wa kitaifa. Watahiniwa wa upimaji huo, kama wale wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, husajiliwa kupitia shule. Mlango wa watahiniwa wa kujitegemea uko mbele zaidi, kwenye kidato cha nne, ambako asiyepitia sekondari hutanguliwa na Mtihani wa Maarifa. Wapo wazazi wanaochagua mitaala ya nje kama ya Cambridge, ambayo hupokea watahiniwa binafsi kupitia vituo vyake, lakini gharama zake si za kila nyumba. Kama nia yenu ni binti arudi kwenye mfumo wa Tanzania, basi tafuteni shule ya karibu itakayokubali kumwandikisha, na mzungumze na mwalimu mkuu kwa uwazi kuhusu mnachofanya. Inawezekana mkajikuta mmepata shule ambayo mtoto anakwenda kwa miguu na kurudi mapema, na tatizo la saa kumi na moja na nusu alfajiri likawa limekwisha lenyewe.

Msisahau pia kwamba mtaala umebadilika kuanzia Januari 2024, na chini ya mtaala huo elimu ya msingi itaishia darasa la sita. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure katika Maktaba Mtandao yao, hivyo msinunue vya zamani kwa sababu tu ni vya bei rahisi.

Niongeze mawili kuhusu matembezi. Mnapokaa mkabala na Jiwe la Bismarck, watoto huuliza Bismarck ni nani, na jibu ni kwamba ni kiongozi wa Ujerumani ambaye jina lake lilibandikwa kwenye jiwe letu wakati wa ukoloni. Ziwa lenyewe lina kisa hicho hicho. Speke alifika kwenye ufuko huu wa kusini tarehe 3 Agosti 1858 akalipa jina la malkia wake, huku wakazi aliowakuta wakiliita Nyanza na wakivua ndani yake kila siku. Mpeni binti kazi ya kuuliza wazee, akianza na bibi yake, majina ya visiwa, mawe na mialo kabla ya majina ya ramani. Pengine hata yale maswali ya Jumapili yatapungua.

La pili ni gumu kidogo. Hapa Igoma kuna makaburi ya waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996. Binti wa miaka 9 anaweza kupelekwa, mdogo asubiri. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu, na walipojifunza baadaye kwa nini chombo huelea na kwa nini mzigo uliozidi au uliopangwa vibaya huweza kukipindua, hakuna aliyesinzia. Lakini mjiandae kwa ukimya wa njiani mkirudi, na msijaribu kuujaza kwa maneno.

Mfanyabiashara wa Dagaa, Kirumba

Naandika kama mtu ambaye kazi yake iko Mwaloni na ambaye huwaona wazazi wakileta watoto kutazama.

Mnakaribishwa, lakini mwalo si bustani. Pitieni kwanza kwa viongozi wa BMU (kikundi kinachosimamia mwalo) mjitambulishe, msipige picha kabla ya kuomba, na mnunue hata dagaa wa kitoweo kwa yule mliyempotezea muda. Viatu viwe vya kufunika mguu, kwa sababu ya ndoano na vipande vya nyaya.

Kubwa zaidi ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini walioko kwenye maji ya ukingoni, hasa penye majani na matete, na hupenya kwenye ngozi bila mtoto kuhisi chochote. Watoto wasikanyage maji wala kuogelea ufukweni, hata kama watoto wa pale wanaogelea na kuwaita. Tena kuna jambo ambalo wazazi wa njia yenu wanaweza kulisahau: dawa za kinga za kichocho na minyoo hugawiwa shuleni. Mtoto asiye shuleni anarukwa. Ulizeni zahanati ya karibu.

Mkitaka jaribio la sayansi lisilo na gharama, nunueni konzi mbili za dagaa, moja ya walioanikwa mchangani na nyingine ya walioanikwa kwenye chanja, mzioshe kila moja kwenye glasi yake, mwache maji yatulie, kisha mtoto atazame chini ya glasi. Baada ya hapo hamtahitaji kumweleza kwa nini bei zinatofautiana.

Mjomba wa Buhongwa

Mimi sikubaliani na wazo lenyewe, na naomba niliseme kwa heshima. Mtoto hujifunza shuleni mambo ambayo hayamo kwenye daftari la mwezi: kusubiri zamu, kugombana na kupatana, kukaa na mtoto wa mtu ambaye hamfanani. Ndugu hao wawili watakuwa na nani wa kucheza naye saa nne asubuhi? Tena Baba Kiseke anasimulia vizuri, lakini ana nafasi ya kwenda Igombe alfajiri kila wiki. Wazazi wengi wa mji huu saa hizo wako kwenye daladala kuelekea kazini.

Baba Kiseke

Mjomba, hoja ya wenzao ni ya kweli, na ndiyo iliyotutesa mwaka wa kwanza. Watoto wetu wako kwenye kwaya ya kanisa na timu ya mpira ya mtaa, na mwaka jana tulianza kutoka pamoja na familia nyingine mbili. Sitasema kwamba inatosha kama shule ingetosha. Kuhusu nafasi, mimi nina duka na mke wangu ni mshonaji, kwa hiyo muda tunaugawana, na mapato yamepungua. Anayeanza alijue hilo mapema.

Mama wa Wawili, Nyegezi

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tatu kutoa mrejesho, na samahani kwa kukawia.

Tulikwenda kwa Afisa Elimu Kata, sote wawili, kama Mwalimu alivyoshauri. Alitupokea vizuri na kutuuliza maswali ambayo baadhi yake hatukuwa na majibu nayo, hasa kuhusu upimaji wa darasa la nne. Tumezungumza na shule iliyo umbali wa dakika kumi na tano kwa miguu kutoka kwetu, na inaelekea binti ataandikishwa huko baada ya likizo, kwa kuwa masomo ya huko huisha mapema, na sisi tuendelee naye nyumbani mchana na Jumamosi. Mdogo atabaki nami hadi afikie umri. Sio kile tulichokuwa tumekipanga Januari, na nilikasirika kwa siku mbili hivi, lakini mume wangu amepumua. Zahanati pia tulikwenda, tukaeleweshwa kuhusu zile dawa.

Mjomba, mwanangu mdogo amekwisha kujibu swali lako kwa kujiunga bila kuniomba na watoto wa jirani wanaotengeneza magari ya waya.

Kuhusu matembezi, tumechagua mwalo mmoja mdogo upande wetu huu wa Nyegezi na tumeurudia mara tatu. Safari ya kwanza ilikuwa bure kabisa, kwa maana tulichelewa tukakuta watu wamekwisha kuondoka. Ya pili tulifika saa kumi na mbili asubuhi, na mvuvi mmoja akampa binti sangara mdogo amshike. Kabla sijasema neno, aliinua kifuniko cha shavu kwa kidole gumba, akachungulia, akamwita mdogo wake aje aone matamvua. Kisha akamwuliza mvuvi kwa nini ya huyu yamefifia wakati ya yule aliyetolewa majini sasa hivi ni mekundu kabisa, na mvuvi akamweleza kwamba hivyo ndivyo wanunuzi wanavyomtambua samaki wa jana. Nilisimama pale na kikapu changu nikawa sina la kuongeza.

Safari ya tatu ilikuwa juzi, mwezi ukiwa mpevu. Daftari la mwezi lina siku 16 sasa, mbili zikiwa duara tupu kwa ajili ya mawingu. Mitumbwi ilikuwa mchangani kama Baba Kiseke alivyosema. Njiani kurudi binti aliandika juu ya ukurasa jambo moja ambalo hakulielewa, nami nimekosa jibu lake, kwa hiyo nalileta kwenu kama lilivyo: "Kama mwezi unaangaza ziwa lote, dagaa wanaona mwanga kila mahali. Sasa wanakwenda wapi?"

Kama kuna mvuvi humu, au mtu aliyewahi kumwuliza mvuvi, tafadhali amjibu. Nimemwahidi kuwa na jibu kabla ya Jumamosi.